Mgonjwa Niliyemwombea Alhamisi

Mimi si mtu wa kumsingizia shetani kila jambo. Televisheni niliitaka mwenyewe, nikamsumbua mume wangu mpaka akainunua, na ile tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili niliichagua mwenyewe. Ilianza kila siku saa kumi na mbili jioni. Sala ya jumuiya yetu pale Mkolani, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, ilianza Alhamisi saa kumi na moja, nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo. Unaona mwenyewe tatizo lilipokuwa.

Kwanza nilipunguza nyimbo. Kisha nikaingia kwenye tafakari: mtu akianza kueleza jinsi Injili ilivyomgusa, nilimkatiza kwa "Amina" kubwa, naye akakaa. Rozari niliiongoza mbio kama mtu anayekimbia mvua. Watu wakanisifu kwamba siku hizi sala haichoshi, na mimi, bila haya, nikazipokea sifa. Lakini nyumbani nikipiga magoti peke yangu, sikuwa na la kumwambia Mungu. Nikifumba macho naona sura za watu wa kwenye tamthilia. Hilo lilinitisha kweli, na bado sikuzima.

Alhamisi moja, ulipofika wakati wa maombi, nikasema kwa uchungu, "Tumwombee mama mmoja mjamzito. Amelazwa, hajitambui, na mume wake hana habari." Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Machozi yakanitoka. Nilikuwa najifuta uso ndipo nikagundua kwamba nimemwombea mtu wa kwenye tamthilia, ambaye hayupo duniani.

Sasa, kwetu mgonjwa akitajwa kwenye sala haachwi hivihivi. Lazima jumuiya iende kumwona. Bibi mmoja, mkubwa wetu sote kwa umri, akauliza papo hapo, "Huyo mama yuko wapi, Mwenyekiti? Kesho twende tukamsalimie."

"Kisesa," nikajibu. Sikuwa nimepanga kudanganya. Mdogo wangu anaishi Kisesa, nadhani ndiyo maana jina hilo lilinitoka.

Kesho yake asubuhi wanawake wanne walinipitia wakiwa wamevaa sare zetu za kitenge, bibi akiwa mbele na chupa ya uji wa ulezi. Ningeweza kusema ukweli palepale mlangoni. Sikusema. Tuliposhuka Buzuruga kubadilisha gari, nikawasimamisha. Nikawaambia hapohapo stendi, makondakta wakipiga kelele pembeni, kwamba mgonjwa hayupo, ni mtu wa kwenye televisheni.

 Mmoja aliziba mdomo kwa mkono, sikujua kama anacheka au anashangaa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikasubiri waniambie niachie uenyekiti, na ningekubali bila kubisha.

Bibi akanitazama. "Kwa hiyo huko Kisesa huna mtu kabisa?"

"Nina mdogo wangu, bibi. Ana mimba ya miezi minane."

"Ulimwona lini?"

 Ilikuwa imepita miezi miwili. Alikuwa akinipigia simu jioni, tamthilia ikiwa imekolea, nami naiacha iite mpaka ikatike, nikijiambia nitampigia baadaye.

"Haya, twende," bibi akasema. "Uji utapoa."

Tulimkuta mdogo wangu amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba anachambua dagaa, mzima wa afya. Aliponiona hakunisalimia, alianza kulia. "Dada, nilidhani umenikasirikia," akasema. "Nikajua huyu mtoto nitamzaa peke yangu."

Nikamweleza yote mbele ya wenzangu, simu na tamthilia na ule mgonjwa wangu wa ajabu. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akanipiga kofi la begani, na halikuwa la mzaha. Nililipokea kwa furaha.  Nikampigia mume wangu nikamwambia ajipikie, mimi siondoki Kisesa mpaka mtoto azaliwe.

Kabla wenzangu hawajaondoka, bibi akasema, "Mwenyekiti, tuongoze sala."

Nikapiga magoti kwenye mkeka huku naogopa kwamba maneno hayatakuja. Yalikuja, tena taratibu, na hakuna aliyeniharakisha. Nikamwombea mdogo wangu ajifungue salama. Nikamtaja kwa jina lake la ubatizo, nikamtaja kwa jina la baba yetu, nikaongeza na lile la Kisukuma ambalo marehemu mama peke yake ndiye aliyemwita, ili Mungu asije akamchanganya na mtu mwingine.