Nyanya Nilizozichomeka kwa Miba

Jambo hili nimewaficha watoto wangu miaka mingi, kwa hiyo mkicheka chekeni taratibu, aibu hii niliipika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vya shifta, tumekusanywa na serikali kwenye kijiji kilichozungushiwa ua, ngamia wetu wote wamechukuliwa na askari, na mimi namtaka Habiba. Baba yake, Adeer Nuur (adeer kwetu ni kama kusema baba mdogo, kwa heshima), akaniuliza, "Utamlisha nini binti yangu, mchanga?" Nami kwa mdomo wangu huu nikajibu nitalima nyanya, aje baada ya miezi miwili aonje. Niliwahi kuwa kibarua shambani, nikajifunza kukata kichwa cha mche wa nyanya na kukiunga kwenye shina la mtunguja, ule wa porini wenye miba, usiojali jua wala ukame. Nikaunga miche ishirini, nikaipanga mlangoni juani ili kila mpita njia aione (sifa, wenzangu, sifa), na kabla ya wiki kuisha vichwa vyote vya pale mlangoni vilikauka. Mmoja tu, mdogo, sikuuona wa maana tangu mwanzo, nikaupanda nyuma ya nyumba kando ya mtungi wa maji, mama yangu, Hooyo, akaufunika kwa kapu kuku wasiudonoe, nami nikausahau.

Siku ya Adeer ikafika. Asubuhi nikaomba kwa jirani anayelima kando ya mto matawi yenye nyanya mbivu, nikayachomeka kwenye yale mashina kwa miba ya mgunga, nikazungushia vitambaa. Yalipendeza, walaahi.

Adeer akaja adhuhuri na wazee wawili, majani yameshaanza kulegea. Sasa, mtu wa ngamia hanunui kwa macho, lazima ashike, avute, aangalie meno. Akashika mche wa kwanza akauvuta, kichwa kikabaki mkononi mwake na mwiba wake. Akavuta wa pili, wa tatu, vivyo hivyo, huku wanawake nyuma ya ua wakicheka mpaka wanashikana mabega.

Akaniuliza kwa upole, "Na kichwa chako, kijana, nacho umekichomeka kwa mwiba?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hooyo ndiye aliyeniokoa: "Nuur, njoo huku nyuma."

Pale kivulini karibu na mtungi, mche wangu mdogo ulikuwa umefika kiunoni, una nyanya moja nyekundu. Adeer akauvuta, ukakataa. Akauvuta kwa nguvu zote, ukang'oka na mizizi yake ya mtunguja, udongo ukamrukia ndevuni, na kichwa bado kimeshikilia shina. Akacheka mpaka machozi. Kisha akapiga magoti, akaurudisha ardhini kwa mikono yake, akaumwagia birika lake la udhu.

"Utamwoa," akasema, "lakini miche atatunza mama yako."

Tangu siku hiyo sijachomeka kitu ili kisifiwe. Ila haikunisaidia sana: mpaka leo, nikitengeneza kiti, Habiba hakikalii kabla ya kukivuta kwanza.