Nafasi ya Tisa ya Mama Nadine

Nakumbuka Jumamosi moja kuliko nyingine zote, mwanangu, na si kwa ajili ya ushindi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Siku za kazi nilikuwa nauza mikanda na saa za mkononi kule Newtown, na Jumamosi naandika majina kwenye daftari la timu ya kanisa. Mikanda ilinifundisha kubishana. Daftari nalo lilikuwa na la kunifundisha, ila lilichelewa kidogo.

Timu yenyewe ilikuwa ya softiboli. Usicheke. Sisi watu wa Bukavu tulifika hapa Johannesburg tukijua mpira wa miguu, na hata huo wengi wetu tuliujua kwa kutazama. Lakini makanisa ya huku yalikuwa na ligi yao ndogo, mzee wa kanisa jirani akatualika, na shemasi wetu Papa Josefu akakubali kabla ya kuuliza ni mchezo gani. Papa Josefu alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Akawa nahodha wetu, na ndiye aliyerusha mpira.

Nikueleze mchezo kwa kifupi. Mrushaji anaurusha mpira taratibu, unapanda juu, unashuka, na mpigaji anaupiga kwa gongo kisha anakimbia. Vituo ni vinne. Ukivizunguka vyote, timu imepata pointi. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, au ukikutangulia kituoni, umetolewa. Wakitolewa watatu, mnabadilishana, mliokuwa mnapiga mnakwenda kudaka; timu zote mbili zikishapiga, huo ni mzunguko mmoja, na mizunguko ni saba. Mnapiga kwa zamu, kwa majina yaliyoandikwa, na zamu hairukwi. Kuyaandika hayo majina ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ligi ilikuwa na sheria mbili za kwake. Ya kwanza, kila mchezaji aliyefika uwanjani lazima awekwe kwenye orodha ya wapigaji, hata kama gongo analishika kama mwiko wa ugali, maana walisema lengo ni ushirika. Ya pili, wanawake wasipungue wanne. Wakipungua, nafasi ya yule aliyekosekana inaandikwa vilevile, na zamu yake ikifika, refa anahesabu mtu mmoja ametolewa. Hakuna mtu, lakini ametolewa. Niliposomewa sheria hiyo mara ya kwanza nilimwambia refa kwamba sisi wa Newtown bado hatujafika huko, kumtoza mteja ambaye hakuja.

Wanawake wetu walikuwa watano, na wa tano alikuwa Mama Nadine. Alikuwa msusi, mwenye viti vitatu katika saluni moja Yeoville, mtu mzima, mwili umejaa, goti la kushoto linalalamika hata akipanda ngazi za kanisa. Alipiga wa tisa. Msimu mzima alifika kituo cha kwanza mara mbili. Nilihesabu. Kisha nikahesabu upya nikidhani namwonea, zikabaki mbili.

Ila hakuna aliyewahi kumtangulia uwanjani. Jezi imepigwa pasi, viatu vimefutwa. Na kila Jumamosi kabla ya mchezo alitazama benchi la watazamaji, akaniambia:

"Amani, leo labda atakuja."

Alikuwa anamsema binti yake, Nadine. Binti alifika nchi hii akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapa, na wakati ule alikuwa akisoma chuo na kuishi bwenini mjini. Kiswahili alikisikia chote, lakini ukimsalimu anakujibu Kiingereza. Siku moja Mama Nadine, akifunga kamba za viatu, aliniambia bila mimi kumuuliza:

"Huyu mtoto ananijua nikiwa nyuma ya kiti cha mteja, ao nikiwa nimelala nimechoka. Basi. Nataka anione na kitu ingine mkononi, isiyokuwa nywele za watu. Hata wakinitoa, aone nimekimbia."

Nikamwambia, "Sharp, Mama, usijali, atakuja." Maneno ya namna hiyo hayakunigharimu kitu, kwa hiyo niliyagawa kwa wingi.

Sasa ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Tukishinda, tunaingia fainali. Ijumaa jioni nikakaa na daftari langu kama nilivyokaa na bidhaa, nikitafuta kinachokula nafasi bila kutoka. Tulikuwa kumi na mmoja. Uwanjani tunahitajika kumi. Otieno, Mkenya wetu wa benki, alikuwa akiupiga mpira hadi kwenye uzio; kadiri orodha inavyokuwa fupi, ndivyo anavyorudi kupiga mapema. Nikifuta jina moja, wanabaki kumi. Nikimfuta Mama Nadine, wanawake wanabaki wanne. Sheria imetimia. Nikahesabu tena: wanne. Niliridhika kabisa, mwanangu, kama mtu aliyeuza saa mbovu mchana kweupe.

Tatizo lilikuwa sheria ya kwanza. Akifika, lazima apige. Kwa hiyo asifike.

Asubuhi yake nikampigia simu.

"Mama, habari si nzuri. Uwanja umechukuliwa. Mechi imeahirishwa."

"Imechukuliwa na nani?"

"Watu wa harusi."

"Eish. Wanaoa kwenye majani?" Akacheka kidogo. "Bon. Kuna mteja wa misuko midogo alikuwa ananiomba, nilimkatalia juu ya mechi. Acha nimwite. Asante kunijulisha mapema, Amani. Mungu akubariki."

Na baraka hiyo nikaipokea. Sikuona sababu ya kuirudisha.

Uwanja ulikuwa upande wa Randburg. Tulipofika nikahesabu watu: tisa. Nikahesabu wanawake: watatu. Nikahesabu upya nikianzia upande wa pili, kwani kuna siku jambo hilo husaidia, wakabaki watatu. Aliyekosekana alikuwa Neema, mlinzi wa geti kwenye jengo la ofisi. Ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu: mlinzi wa kumpokea hajafika, na geti haliachwi. Mimi niliyetoa mtu mmoja kwa hesabu, geti la watu likanitolea wa pili bila kuniuliza.

Nikamwendea refa, bwana mmoja mnene wa Soweto aliyenijua kutoka mitaani.

"Mkuu, tuna dada mmoja yuko njiani. Tumwandike tu."

"Yuko njia ipi?"

"Hii ya kuja."

"Eish, bhuti. Mwezi uliopita uliniuzia mkanda ukaniambia ni ngozi. Umepasuka kanisani, nimesimama naimba." Akanirudishia kalamu. "Andika nafasi tupu."

Nikaiandika. Ningeweza kuiweka popote, lakini mkono ulikuwa umezoea. Ikawa ya tisa.

Papa Josefu akaja akichungulia daftari juu ya bega langu. "Mama Nadine yuko wapi? Huyu hachelewi."

"Amepata mteja, Papa."

Na ulikuwa ukweli. Jihadhari na ukweli wa aina hiyo, mwanangu. Ndio nilioutumia zaidi maishani, na ndio ulionitia aibu zaidi.

Tulicheza. Zamu ya tisa ilipofika mara ya kwanza, refa akainua kidole, mmoja ametolewa, tukatazamana. Katika mzunguko wa tatu tukiwa tunapiga, nikamwona msichana mrefu mwenye koti la jinzi anakuja kando ya uzio. Akakaa mwisho wa benchi la watazamaji. Akatutazama mmoja mmoja. Halafu akasimama, akanijia pale nilipokaa na daftari.

"Shikamoo, uncle," alisema. "Mama yangu anapiga namba ngapi?"

Kwa Kiswahili. Polepole, neno moja moja, kama mtu aliyelifanyia mazoezi ndani ya teksi. Nilikuwa namjua kwa miaka mitatu na sikuwa nimewahi kumsikia akikisema.

"Ya tisa," nikamjibu, kwani ndivyo daftari lilivyosema.

"Yuko wapi?"

Nikainamia daftari. Akangoja, kisha akatoa simu yake. Alizungumza Kiingereza, lakini sauti ya mama yake niliisikia kutoka humo ndani, na nilisikia neno harusi. Msichana akageuka taratibu akaukagua uwanja wote, kona hadi kona. Nadhani alikuwa anamtafuta bibi harusi.

"Anasema mteja amefika nusu ya kichwa," akaniambia, sasa kwa Kiingereza. "Na ni safari ya teksi mbili. Hawezi kufika."

Mwanangu, kama hujui kazi ya ususi, ijue. Mteja wa misuko midogo haachwi nusu. Hawezi kutokeza barabarani, hawezi kwenda kazini, hawezi hata kuvaa kofia. Mama Nadine alikuwa amefungwa pale kwenye kile kiti, na aliyemfunga ni mimi.

Papa Josefu alikuwa amesikia yote. Akalichukua daftari mikononi mwangu, akasoma orodha kutoka juu hadi chini, akalifunga.

"Nilidhani nimekupa daftari," alisema. "Kumbe umefungua duka."

Akanirudishia. Zamu yetu ya kudaka ilipofika, akaenda kurusha mpira.

Mwisho wa mechi ulikuja hivi. Mzunguko wa saba, tuko nyuma kwa pointi moja, wawili wametolewa, Otieno yuko kituo cha tatu, anahitaji mtu mmoja tu aupige mpira vyovyote vile. Wa nane alikuwa ameshafika kituo cha kwanza. Wote tukageuka kuona anayefuata. Refa akatazama karatasi yake, akatutazama, akainua kidole. Watatu. Mchezo umekwisha. Otieno alibaki amesimama kwenye kituo, mikono kiunoni, kama abiria aliyeshushwa kabla ya kituo chake.

"Huyo ndiye alikuwa yeye?" Nadine aliniuliza.

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akachukua mkoba wake. Alikuwa na kazi ya jioni dukani. Sikumwambia samahani, kwa sababu niliona ingekuwa rahisi mno na wakati ule nilikuwa bado navithamini vitu kwa bei zake.

Papa Josefu akakusanya glavu. "Utakwenda saluni," akasema. "Leo. Sikusindikizi."

Nilimkuta Mama Nadine akimalizia upande wa kushoto wa kichwa cha mteja. Hakusimamisha vidole.

"Karibu, Amani. Ile harusi ilikuwa nzuri?"

"Hakukuwa na harusi, Mama."

"Najua. Uwanja ilichukuliwa na nani?"

"Na mimi."

Akasuka msuko mmoja hadi mwisho, akaufunga, akaanza mwingine. Mteja alijifanya anasoma gazeti. Nikamweleza yote, orodha, Otieno, wanawake wanne, Neema na geti lake. Sikupunguza na sikuongeza. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kuwa matusi ni kitu unachoweza kubeba ukaondoka nacho.

Aliniuliza kitu kingine.

"Alikaa wapi?"

"Mwisho wa benchi. Upande wa uzio."

"Alivaa nini?"

"Koti la jinzi."

"Ile nilimnunulia." Vidole viliendelea. "Alikaa hadi mwisho?"

"Hadi mwisho."

"Alikuuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili, Mama. Aliniamkia, akaniuliza unapiga namba ngapi."

Hapo ndipo vidole viliposimama. Akanitaka niseme maneno yenyewe, kama alivyoyasema binti. Nikayasema. Akanitaka niyarudie. Nikayarudia. Kisha akaniambia niende, maana nilikuwa nawazibia mwanga.

Msimu uliofuata Mama Nadine alirudi, jezi imepigwa pasi, akapiga wa tisa. Nadine alikuwa amepata kazi Durban mwezi wa kwanza. Walikuwa wakipigiana simu, na nasikia wanapatana. Lakini uwanjani hakuja tena, na goti la mama lilidumu misimu miwili tu. Sisi tuliingia fainali mwaka huo, tukashinda. Kikombe kipo ofisini kwa mchungaji pale mtaa wa Observatory, kina kalamu ndani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nawe upime mwenyewe. Utapewa orodha ya watu siku moja, kwaya, darasa, timu, wafanyakazi. Utaona mmoja anayepunguza kasi ya wengine, na huenda macho yako yakawa sahihi. Yangu yalikuwa sahihi. Mara mbili msimu mzima ni mara mbili. Lakini mwendee. Mwambie usoni, "Mama, Jumamosi hii naomba ukae nje." Mimi nilikuwa nabishana na kila mtu, na refa, na polisi wa manispaa, na wateja wa mikanda, halafu mtu mmoja niliyepaswa kubishana naye nikamnyima nafasi ya kubishana. Huenda angenikatalia. Huenda angekubali, akaja na jezi yake akakaa benchini, na yule msichana angemkuta hapo, wakakaa pamoja saa moja na nusu. Sikuwahi kujua angechagua lipi, na hilo ndilo nililomwibia.

Na ukishakosea, nenda mwenyewe, siku hiyohiyo, ukajibu utakachoulizwa, hata kama ni nguo aliyovaa mtu.

Mungu akuzidishie akili, mwanangu, na pale akili inapokufikisha mbali kuliko inavyopaswa, akuwekee karibu mtu mzima wa kukunyang'anya daftari. Uende kwa amani, na wanaokutegemea wasijute.