Kichefuchefu Kutoka Butembo Hadi Mugunga

Mama mkwe wangu alikuwa hajawahi kuniona. Nilipoolewa na mwanawe Bahati hapa kwetu Butembo, vita vilikuwa vimefunga njia ya Masisi, na kabla njia haijafunguka yeye alikuwa ameshakimbia kijiji chake na kuishia kambini Mugunga, pembezoni mwa Goma. Msimu ule wa mvua akampigia mwanawe kwa simu ya jirani, akitaka amletee mkewe: "Umulete bibi yako nimuone. Nitamupikia." Bahati ni fundi wa magari na hakuweza kuacha gereji, kwa hiyo nikaenda peke yangu, nikiwa na mimba changa iliyojulikana kwetu wawili na kwa mkunga tu. Ile ya kwanza tuliitangaza mapema, ikatoka, na sikutaka tena kupewa pole na mtaa mzima.

Kabla ya kuondoka, kichefuchefu kilikuwa kimenikamata kisawasawa. Harufu ya mawese, ya samaki, hata ya sabuni, ilinitoa mbio nje. Mkunga alimweleza Bahati dawa isiyomezwa: kwa upande wa ndani wa mkono, pima vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo ulio chini ya kiganja, kisha bonyeza hapo katikati ya kano mbili. Bahati akapima kwa vidole vyake, akaweka hapo kifungo cha koti lake kuukuu na kukikaza kwa kitambaa kama anayefunga gurudumu. "Sasa uko tayari," akasema, na mimi nikamwamini.

Tulitoka Butembo alfajiri, ndani ya lori la viazi na vitunguu la Muzee Paluku, mteja wa Bahati. Nilitapika kabla ya Lubero. Nikabonyeza kifungo kwa nguvu zote, nikatapika tena Kirumba. Muzee Paluku alisimamisha lori kila nilipoinua mkono, wala hakunung'unika. "Mama Kavira, hii barabara inasumbua hata sisi wanaume," akanifariji. Nikaiacha barabara ibebe lawama.

Kanyabayonga tulilala, tukingoja msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, maana kule chini katika mbuga ya wanyama hakuna dereva aliyethubutu kupita peke yake. Asubuhi tukateremka. Wanasema mbuga ile inapendeza mno, na natamani ningewasimulia vizuri. Lakini pale Rwindi askari mmoja alimwomba Muzee Paluku nafasi ya fungu lake la samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, likawekwa miguuni pangu. Mtu mwenye bunduki hujadiliani naye habari za samaki. Hadi Rutshuru kichwa changu kilikuwa nje ya dirisha, na sikumbuki hata nyani mmoja.

Goma tuliingia jioni. Nilifikia mtaa wa Katoyi kwa Furaha, binamu wa Bahati, ambaye ni muuguzi. Nyumba yake ni ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Sikuwa hata nimeketi akakitazama kitambaa changu, akanitazama usoni, akaelewa yote. Muuguzi utamficha nini?

"Nani alikufungia hii?"

"Bahati."

"Alipima na vidole ya nani?"

"Vyake."

Furaha alicheka hadi akashikilia mlango. "Kavira! Ile vidole ya gereji? Moja yake ni mbili yako! Mutu anapima na vidole yake mwenyewe."

Kumbe kifungo kilikuwa kimepanda mno kuelekea kwenye kiwiko, kwa heshima ya mikono ya mume wangu. Furaha akakiteremsha mahali pake. Akanifundisha kubonyeza kwa dole gumba, polepole, huku nikipumua, kisha kubadilisha mkono. "Inatuliza, haiponyeshe," akaonya. "Wengine haiwasaidie kitu. Na siku hata maji inakataa kubakia mu tumbo, uache mambo ya kifungo, ukimbie hospitali." Jioni ile nilikula viazi, vikakaa. Nililala nikitabasamu peke yangu.

Mchana wa siku iliyofuata, pikipiki ilinifikisha Mugunga. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya hema lake, kitenge kimefuliwa, na majirani wamekusanyika kumwona mke aliyetoka Butembo. Alinikumbatia, akanigeuza huku na huku, akaniingiza ndani. Hapo chini kulikuwa na bugali, ndio ugali wa kwetu, na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwa Kivu, vikiogelea katika mawese. Jirani mwenye simu akaninong'oneza kwa fahari kwamba mama alibadilisha unga wake wa mgao ili apate samaki hao.

Harufu ikanipiga. Nikaficha mkono chini ya kitenge, nikabonyeza. Tonge la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu likafika kooni, likagoma. Mlangoni majirani walikuwa wanatazama. Nikitoka mbio, hema kwa hema watasema mkwe wa Butembo amedharau chakula cha mkimbizi, na aibu hiyo itabaki na mama nitakapoondoka. Naye alikuwa anautazama mdomo wangu kwa furaha tele. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule mbugani.

Nikameza kwa shida. "Mama, chakula ni kizuri sana," nikasema. "Niko na mimba. Ndiyo inakataa."

Akaisogeza sahani mbali, akauvuta mkono wangu kutoka chini ya kitenge. "Unabonyeza wapi? Hapa?"

"Hapo, mama."

Akaweka dole gumba lake, akabonyeza polepole. Nilidhani ataniuliza kwa nini nilimficha. Machozi yakamtoka.

"Mutoto yangu, tangu tukimbie, kila mutu anakuja hapa na habari ya mwenye amekufa. Ni wewe wa kwanza kuniletea habari ya mwenye anakuja."

Kisha akatoka nje na kuitangaza siri yangu mstari mzima wa mahema. Vigelegele vikapigwa, nami nikala bugali kwa chumvi hadi nikashiba.

Njia ya kurudi nilitapika mara moja tu, na nilipofika Butembo Bahati alikuwa ameshapigiwa simu na mama yake. Nimejifunza kwamba kichefuchefu hubembelezwa, hakiamriwi. Nimejifunza pia kwamba mtu aliyekimbia vita hupewa hema, unga na pole, lakini ni nadra kupewa kitu cha kungojea. Yule jirani mwenye simu ametueleza kwamba mama, ambaye tangu afike kambini hakujali siku wala mwezi, sasa hupita kwake kila asubuhi kumuuliza leo ni tarehe ngapi.