Simsim Mdomoni mwa Mpatanishi

Mtu akikaanga simsim karibu nami, mimi hutoka nje. Watoto wangu hunicheka, wanadhani nakimbia moshi. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka tisa, Arua, mwaka wa sabini na nne. Mama na shangazi Zainabu, mawifi wa ua mmoja, walikuwa hawasemezani. Shangazi alikuwa na kawa ya kufunikia chakula, aliyoisuka miezi mitatu kwa nyuzi za rangi. Mama akawaazima watu wa harusi bila kumwuliza, ikarudi imechanika. Basi Haboba, bibi yangu, akaniteua mimi mpatanishi, kwa kuwa wote wawili walinipenda.

"Mpatanishi iko mutu ya katikati," aliniambia. "Neno unapeleka vile iko. Na hapana kula kwa moja mpaka wakule pamoja. Ukikula kwa moja, wewe iko yake."

Lo, nilivyoringa! Siku mbili nilivuka ua ule huku na huko, nikila kwa Haboba tu, uji wake usio na sukari.

Siku ya tatu mama alikuwa akikaanga simsim. Akafuta machozi. "Mwambie nimekosa. Anisamehe." Ndilo neno tulilokuwa tukilingoja sote. Akainama kuchochea moto, nami kwa ulafi wangu nikachota konzi ya simsim nikaibwia.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulianza kulainika, kisha akanitazama mdomo. Akabandua punje moja kidevuni mwangu.

"Amekulisha," akasema polepole. "Mutu ya kutubu hapana honga mjumbe."

Nilitakiwa kusema neno moja tu: nimeiba. Lakini wizi kwetu ulikuwa na fimbo yake, nikanyamaza. Wallahi, nilinyamaza. Juma lile shangazi alihamia Koboko. Vita vya sabini na tisa vilipofika akavuka mpaka kwenda Sudani, akafia huko.

Mama naye alifariki akiamini aliomba msamaha akanyimwa. Siku hizi watu huniita niwasuluhishe, wakisema sina upande. Nakwenda, na hata maji yao sinywi. Utotoni nilidhani Haboba alikuwa akinikanya habari za tumbo. Kumbe mtu wa katikati ndiye pekee anayeujua ukweli wa pande zote mbili. Akinyamaza, wote wanabaki na uongo.

Mama, shangazi: simsim ile niliiba.