Mbao Juu ya Mafiga ya Bibi

Juzi mvua ilinikuta Koboko, nikajikinga kwenye kibanda cha seremala. Alikuwa akiranda ubao wa zamani uliokaa sana jikoni, na ile harufu ya moshi ikanirudisha Ediofe, nyumbani kwa bibi.

Baba alikuwa akitengeneza gitaa. Mbao zake nyembamba alizilaza kwenye dari la jikoni, juu ya mafiga ya bibi, zikauke polepole kwa moto wa kila siku. Jioni bibi alishusha mmoja, akaugonga kwa mwiko, akasikiliza.

"Mama, sasa iko kavu?" baba alimwuliza.

"Bado. Iko na maji ndani. Wewe ngoja tu."

Bibi alifariki katikati ya masika. Waombolezaji walipikiwa uani kwenye masufuria makubwa, na jiko lake likakaa baridi wiki nzima, kisha nyingine. Hakuna aliyezikumbuka mbao. Baba alitaka gitaa lipigwe kwenye misa ya kumwombea mama yake, kwa hiyo akaziunganisha kwa gundi huku mvua ikinyesha. Likapigwa, tena vizuri.

Kiangazi kilipoingia, tulikuwa tunakula tukasikia pa! ukutani, gitaa lilipotundikwa. Uso wa gitaa ulikuwa umebonyea na kupasuka kutoka juu hadi chini.

"Baba, si utengeneze ingine?" niliuliza. "Mbao iko mingi."

Alipitisha kidole kwenye ule ufa, akaunusa.

"Mbao iko," alisema. "Moto ndiyo haiko."