Sala Isiyoitikiwa

Clémence, mwalimu wa shule ya msingi pale Bagira, alikuwa mwoga wa kila kitu: radi, mbwa, mkurugenzi wa shule, na zaidi ya vyote watu wa Chama. Kila asubuhi aliwaimbisha watoto sifa za Rais, naye akipiga makofi kwa bidii ya mtu asiyetaka kutiliwa shaka. Ndiyo maana hakuna aliyetarajia kwamba mdomo wake, kati ya midomo yote ya mtaa, ndio ungetoboa siri ya wote.

Ilikuwa Alhamisi moja ya mwaka 1983, saa ya shirika, pale majirani Wakristo wanapokutana alasiri kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Baada ya Injili kila mwenye neno moyoni hutoa nia yake kwa sauti, na wote huitikia, "Ee Bwana, utusikie." Waliitikia lolote, hata mbuzi aliyepotea wa Maman Marcelline aliwahi kuombewa. Wiki ile Clémence alikuwa amemzika mtoto wa dada yake, aliyekufa kwa malaria huku dawa ikitafutwa mji mzima bila kupatikana. Akafumba macho, akasema:

"Mungu, utupatie chef mupya mu hii inchi."

Hakuna aliyeitikia. Alipofumbua macho aliona kila mtu anaangalia vidole vya miguu yake, isipokuwa Papa Isidore. Huyu alivaa beji ya Chama kwenye kola ya abakosi, lile koti rasmi la watu wa Chama, na watu walinong'ona kwamba yeye ndiye anayepeleka maneno ya mtaa kwenye ofisi ya usalama. Isidore alikuwa anamtazama yeye.

Njiani mumewe Évariste, karani wa serikali, hakumgombeza. Heri angemgombeza. Alisema polepole tu kwamba watakaokuja hawatamchukua mwanamke. Watamchukua bwana wa nyumba, kama walivyomchukua Aloys wa nyumba ya juu, ambaye mkewe mpaka leo hajui ampelekee wapi chakula.

"Umetuuwa, Clémence," alimaliza.

Tangu siku hiyo kila gari lililopunguza mwendo lilimkata maini. Évariste akichelewa kidogo kutoka kazini, Clémence aliacha fufu motoni akaenda kusimama mlangoni. Shuleni aliimba sifa mpaka sauti ikamkauka. Na lile tumaini lake halikuondoka, maskini, nalo lilimwogofya pia. Alimtamani huyo kiongozi mpya, asiyemjua hata jina, jinsi mgonjwa anavyotamani chakula alichokatazwa.

Alhamisi iliyofuata zamu ilikuwa yake. Alipanga viti, akatandika kitambaa cheupe mezani, akawasha mshumaa. Majirani hawakuja. Marcelline alituma salamu kwamba ana homa, na wakati huohuo alisikika nyuma ya ua akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu zake zote.

Kisha akaingia Isidore, peke yake, rozari mkononi. Alivua kofia, akaketi, akasoma Injili bila haraka mpaka mwisho, akafunga kitabu.

"Maman Clémence, nyumba yenye kupokea njo inaanzaka nia. Tunakusikiliza."

Clémence alimtazama mumewe. Évariste alikuwa ameificha mikono chini ya mapaja. Basi Clémence akapiga magoti.

"Mungu, umupe Président wetu nguvu na miaka mingi. Abakie na sisi. Utuachie yeye."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia wanaume wawili, Évariste kwa sauti kubwa zaidi.

Isidore alishukuru, akavaa kofia, akaenda zake. Évariste aliegemea mlango akalia machozi ya nafuu, akirudia kwamba wamepona. Clémence alibaki palepale sakafuni. Tangu utotoni aliamini kabisa kwamba Mungu husikia, na alasiri ile, kwa mara ya kwanza, imani hiyo ilimtia hofu kuliko Isidore.