Siku Ruta Zilipoikataa Njia ya Nje

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi wa mtandao Kigoma, nina cheti cha masomo ya jioni na majivuno ya kutosha mikoa mitatu. Ruta zetu, mashine za kuchagulia data njia, tulizigawa kwa maeneo: kambini eneo lake, mjini lake. Ndani ya eneo, kila ruta huzitangazia nyingine viungo vyake, zote zikapata ramani moja. Ruta ya ofisini Rusimbi, mjini, ilikuwa mpakani mwa maeneo hayo, mguu huku, mguu kule, ikipeleka habari za eneo hili kwenye lile.

Kambi na mji viliunganishwa kwa redio za mlimani, kuukuu kuliko bibi yangu. Kwa hiyo tukavuta laini ya kampuni ya simu, na ruta yake ikapewa kazi ya kuingiza njia kutoka nje ya mtandao wetu.

Asubuhi moja akaja mama wa Kirundi kwenye chumba chetu kambini. Binti yake, waliyepotezana naye wakikimbia, alikuwa amepatikana ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Angemwona mama kwenye skrini; akimtambua, analetwa. Asipomtambua, mchana huo anasafirishwa kusini na wenzake.

Mvua ilinyesha kana kwamba ziwa limepinduliwa. Redio zikalemewa, skrini ikajaa vipande vya rangi.

"Fundi, huyu ni mwanangu au ni mkeka?"

"Vumilia, mama. Laini mpya ina nguvu ya kuvuta meli."

Laini mpya haikupitisha kitu. Ruta ikiwa na njia ya ndani na ya nje kwenda mahali pamoja, huchukua ya ndani, kwetu ile ya redio, hata iwe mbovu kiasi gani. Darasani hilo lilikuwa swali la mtihani. Hapa lilikuwa uso wa mama huyu.

Dawa ilikuwa kuizima redio. Lakini laini mpya ikigoma, zahanati ya kambi nayo inakatika mtandaoni. Nikamuuliza muuguzi wake.

"Zima," akasema. "Ila wagonjwa wakiniuliza, nitawaelekeza kwako."

Nikachomoa waya wa redio. Skrini ikawa nyeusi. Mama akanishika shati. Ruta zikapanga njia upya. Kisha picha ikarudi, safi.

Binti alitazama.

"Avue kitambaa," akasema kwa Kirundi.

Mama akavua kitambaa cha kichwani.

"Ndiye," binti akasema. "Mbona amekonda hivyo?"

Mama akaweka kiganja kwenye skrini. Na mimi, msemaji mkuu wa Kigoma nzima, nikamsogezea kiti.